Pikipiki Imeuzwa, Jina Limebaki

Mwezi uliopita alinijia mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye tulisoma pamoja zamani, akiwa amebeba bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni. Ndani ya bahasha hiyo mlikuwa na kadi ya pikipiki, risiti iliyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, na nakala ya pasipoti ya mtaalamu wa kigeni aliyekuwa akifanya kazi katika mradi wa maji wilayani kwao. Mtaalamu huyo, mkataba wake ulipokwisha, alimwuzia mwalimu pikipiki yake, akapokea fedha, akamkabidhi ufunguo na kadi, wakapeana mikono, akapanda ndege akaenda zake. Mwalimu aliitumia pikipiki ile kwa mwaka mzima na zaidi. Alipotaka kuandikisha jina lake aliambiwa kwamba haiwezekani: hakuna mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa, hakuna namba ya mlipa kodi ya muuzaji, na, jambo lililomtisha kuliko yote, chombo chenyewe kiliingizwa nchini kwa msamaha wa ushuru. Mwalimu alikuja kwangu kwa sababu mimi ni mwandishi wa gazeti. Alitaka niandike makala ya kuwashambulia watumishi wa ofisi ile kwa umangimeza.

Makala nimeandika, lakini si ile aliyoitaka.

Sikatai kwamba umangimeza upo. Mwananchi anayeambiwa "njoo kesho" mara nne kwa jambo ambalo lingemalizika kwa saa moja ana haki ya kulalamika, na gazeti lina wajibu wa kumsikiliza. Lakini katika mkasa huu wa mwalimu karani alikuwa na haki. Aliyekosa ni muuzaji aliyeondoka bila ya kuondoa jina lake, na mnunuzi aliyemwacha aondoke. Nasema hivi bila ya kigugumizi kwa sababu mimi mwenyewe nilipata kuwa mgeni katika nchi ya watu, nikauza pikipiki, na kabla ya hapo nikabeba kwa miezi mitano mzigo wa pikipiki ya mtu mwingine aliyefanya kama alivyofanya mtaalamu wetu wa maji.

Kati ya mwaka 2016 na mwaka 2019 nilikuwa Japani kwa masomo. Japani ni nchi ya pikipiki. Kampuni ya Honda ilianzishwa huko mwaka 1948, na ile pikipiki yake ndogo iitwayo Super Cub, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1958, ilikuwa imekwisha tengenezwa zaidi ya milioni 100 ilipofika mwaka 2017. Mtu angedhani kwamba katika nchi kama hiyo kuuza pikipiki ni jambo la kawaida kama kuuza jembe. Kumpata mnunuzi ni rahisi kweli. Lakini serikali ya huko haihesabu kuwa pikipiki imeuzwa kwa sababu tu fedha zimetoka mfuko mmoja na kuingia mfuko mwingine. Imeuzwa pale jina la muuzaji linapotoka katika daftari, na daftari lenyewe si moja.

Pikipiki yenye injini isiyozidi cc 125 huandikishwa katika ofisi ya manispaa ya mahali anapokaa mwenye nayo, na kibao cha namba hutolewa hapo hapo na manispaa. Ikivuka cc 125 lakini isivuke cc 250, manispaa haihusiki tena na uandikishaji. Mwenyewe huenda kwenye tawi la wizara linaloshughulika na uchukuzi, ambalo mara nyingi liko nje ya mji mahali ambapo garimoshi halifiki. Ikivuka cc 250, huenda tawi lile lile, ila sasa huongezeka ukaguzi wa lazima ambao wenyeji wanauita shaken: wa kwanza hudumu miaka 3 tangu pikipiki ikiwa mpya, na baada ya hapo kila miaka 2. Kila daraja ina hati zake na fomu zake. Juu ya yote hayo ipo bima ya lazima, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1955, ambayo kila chombo, hata kile kidogo kabisa, hakiwezi kupita barabarani bila ya kuwa nayo.

Halafu kuna kodi. Kodi hii hutozwa na manispaa kwa mwaka, na anayetozwa ni yule ambaye jina lake limo katika daftari siku ya tarehe 1 Aprili. Pikipiki ya cc 50 hulipiwa yeni 2,000 (zamani ilikuwa yeni 1,000, ikapandishwa mwaka 2016), ile ya cc 250 hulipiwa yeni 3,600, na iliyovuka hapo hulipiwa yeni 6,000. Si fedha nyingi kwa nchi ile. Lakini aliyeuza tarehe 2 Aprili hulipa mwaka mzima wala harudishiwi hata senti, na aliyeuza mwezi Machi bila ya kufuta jina lake hulipa pia, kwa chombo ambacho hakijui kiko wapi.

Mgeni haelezwi haya siku ya kununua. Anaponunua pikipiki dukani, mwenye duka humfanyia karatasi zote: humpelekea fomu manispaa au wizarani, humkatia bima, humfungia kibao, naye hutoka na chombo chake akidhani kwamba katika nchi hii mambo ni mepesi. Siku ya kuuza hakuna mwenye duka. Yupo yeye, fomu iliyoandikwa kwa lugha ya wenyewe, na tiketi ya ndege mfukoni. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha taabu ya wageni wengi, si Japani tu: karatasi za kuingia hufanywa na anayetaka fedha zako, karatasi za kutoka hufanywa na wewe mwenyewe ambaye tayari moyo wako umekwisha ondoka.

Rafiki yangu mmoja, mhandisi kutoka Zambia, alikuwa na pikipiki ya cc 400. Katikati ya Machi 2018 kazi yake ilikwisha. Aliiuza pikipiki kwa mwanafunzi mmoja wa kigeni aliyemwahidi kwamba ataandikisha jina lake "juma lijalo", akampa cheti cha ukaguzi na hati ya bima, akampa na ufunguo. Kisha alinijia na fomu ya manispaa akaniomba nitie sahihi. Kwa sheria za huko, mtu anayehama nchi akiwa na kodi ambayo bado haijaletwa hutakiwa kumteua wakala anayebaki, wa kupokea barua za kodi na kulipa kwa niaba yake. Rafiki yangu alikuwa na kodi ya ukaazi iliyotokana na mapato yake ya mwaka uliotangulia, na fedha za kuilipa aliniachia zote, hana deni nami. Nilitia sahihi kama mtu anavyoshuhudia ndoa ya jirani, kwa furaha na bila ya kusoma.

Mwezi Mei ilikuja bahasha. Nilidhani ni ile kodi ya ukaazi. Kumbe ilikuwa kodi ya pikipiki, yeni 6,000, mwaka wa fedha unaoanza Aprili 2018. Nilikwenda manispaa nikaeleza kwamba pikipiki imekwisha uzwa tangu Machi. Karani alinisikiliza kwa adabu kubwa, akaniuliza kama ninayo hati yoyote inayoonyesha hivyo, nikasema sina, akainamisha kichwa kidogo na kunisogezea ile karatasi ya malipo. Nililipa.

Nilipomtafuta yule mwanafunzi nilikuta naye amekwisha iuza, tena kabla Machi haijaisha, kwa mtu ambaye alikuwa na jina lake la kwanza tu na namba ya simu isiyopokelewa. Mwezi Agosti meneja wa bweni alilokuwa akikaa rafiki yangu aliniletea barua nyingine, safari hii kutoka polisi. Pikipiki ilikuwa imeachwa mahali pasiporuhusiwa. Tangu mwezi Juni 2006 sheria ya barabara ya Japani inaruhusu faini ya namna hiyo kudaiwa kwa mwenye jina katika daftari pale ambapo dereva mwenyewe hakupatikana. Mwenye jina alikuwa Lusaka, akila nsima na wazazi wake.

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nikifikiri si juu ya faini. Je, kama angegongwa mtoto? Polisi wangekuja na jina la nani? Rafiki yangu, mtu mwema asiyedhulumu, angekuwa mtu aliyekimbia nchi baada ya ajali, na mimi ningekuwa wakala wake.

Ilinichukua mpaka mwezi Oktoba kulimaliza jambo hilo. Barua ya polisi ilikuwa imetaja mtaa, na kwa kupitia marafiki wa marafiki nilimpata yule mnunuzi wa tatu, mfanyakazi wa kiwanda katika mkoa wa jirani. Alikuwa mtu mwaminifu kabisa. Faini aliilipa pale pale nilipomwonyesha barua. Aliniambia kwamba aliponunua alipewa karatasi zote, na kweli karatasi zote zilikuwepo chini ya kiti cha pikipiki ndani ya mfuko wa plastiki, zikiwa na jina la mtu ambaye hakupata kumwona. Rafiki yangu alituma kwa posta barua ya kuniruhusu kumwakilisha. Ilibidi tena nichukue manispaa cheti cha kuonyesha makazi yake ya zamani, maana aliwahi kuhama nyumba mwaka 2016 na hakubadilisha anwani katika hati za pikipiki. (Laiti angekuwa amefika nchini humo mapema zaidi, taabu ingezidi: hadi tarehe 9 Julai 2012 wageni waliandikwa katika daftari lao peke yao, na ndipo tangu siku hiyo wakaingizwa katika daftari moja la wakazi pamoja na raia.) Tulifungua kibao cha namba, tukakipeleka pamoja na cheti cha ukaguzi kwenye lile tawi la wizara lililo mbali na garimoshi, tukapewa hati ya kuonyesha kwamba chombo kimerudishwa na hakitumiki tena barabarani mpaka kiandikishwe upya. Mfanyakazi yule akabaki na kazi ya kukipeleka kwenye ukaguzi kwa jina lake mwenyewe. Mimi nilibaki na siku tano za masomo nilizopoteza.

Nje ya tawi lile nilishangaa kuona jambo nililolizoea. Kando ya barabara zilikuwepo ofisi ndogo ndogo za waandishi wa hati, watu wenye leseni ya serikali, ambao kazi yao ni kuwajazia wengine fomu kwa malipo. Wetu hukaa chini ya mwavuli na mashine ya chapa, na siku hizi na kompyuta ya zamani na printa, wao hukaa katika vyumba vyenye kiyoyozi. Lakini kuwepo kwao kunasema jambo moja huko na huku: fomu ikiwa haieleweki na yule aliyetungiwa, pembeni yake huota biashara.

Basi ilipofika zamu yangu nilikuwa nimekwisha fundwa. Pikipiki yangu ilikuwa ya cc 50, kile kijipikipiki ambacho sheria inakikataza kuvuka kilometa 30 kwa saa, hata wanafunzi wa sekondari wenye baiskeli walikuwa wakinipita mlimani. Nilitakiwa kuondoka mapema Aprili 2019. Mnunuzi alikuwa mwanafunzi anayekaa mji wa pili, maana yake manispaa nyingine, kwa hiyo haikutosha kubadilisha jina: ilinipasa kurudisha kibao kwetu, nipate hati ya kufutwa, niandike barua ya kuhamisha mali, naye apeleke hati hizo mbili kwao apewe kibao kipya. Tarehe 31 Machi mwaka ule ilikuwa Jumapili. Mwaka wa shule na mwaka wa fedha vyote viwili huko huishia siku hiyo, na nchi nzima huhama nyumba kwa wakati mmoja. Nilikwenda Alhamisi tarehe 28, nikachukua namba, nikakuta watu arobaini na moja mbele yangu.

Fomu yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja. Tatizo lilikuwa mimi. Palitakiwa jina, na mahali pa kuandika jina pametengenezwa kwa watu ambao majina yao ni herufi nne au tano. Mimi nina majina matatu katika pasipoti, na kadi ya ukaazi imeyaandika yote kwa herufi za Kirumi, ukoo ukitangulia. Hati ya bima iliandika mawili. Hati ya kibao, iliyojazwa na mwenye duka, iliandika matatu kwa herufi za Kijapani za kuandikia maneno ya kigeni, kwa jinsi sikio lake lilivyosikia. Kwa macho ya karani asiyenijua walikuwa watu watatu. Palitakiwa mwaka wa kuzaliwa kwa hesabu ya tawala za wafalme wao, nami nilizaliwa mwaka wa 63 wa Showa, ambao sisi tunauita 1988. Palitakiwa tarehe ya siku ile, mwaka wa 31 wa Heisei, na watu wote pale ofisini walikuwa wakijua kwamba Jumatatu inayofuata utatangazwa mwaka wa jina jipya. Na palitakiwa muhuri.

Kuhusu muhuri yafaa niseme zaidi, kwa sababu watumishi wetu nao wanaupenda sana. Mjapani kwa desturi hatii sahihi, hugonga muhuri wenye jina lake. Mgeni hana desturi hiyo, na tangu mwaka 1899, zaidi ya karne moja iliyopita, ilikuwepo sheria fupi iliyosema kwamba pale ambapo muhuri unatakiwa, sahihi ya mgeni inatosha. Hata hivyo wageni wengi, na mimi mmojawapo, tulichongesha mihuri, kwa kuwa kubishana dirishani ni kazi kubwa kuliko kununua kipande cha mti. Mwaka 2020 ndipo waziri aliyekuwa akishughulikia marekebisho ya utawala, Kono Taro, alipozitaka wizara ziache kudai mihuri isiyo na sababu, na fomu nyingi zikapunguziwa sharti hilo. Sheria ya kumwondolea mgeni taabu ilikuwepo muda wote. Isipokuwa hakuna aliyeniambia.

Mama mmoja karani ndiye aliyenihudumia. Alitazama hati zangu tatu zenye watu watatu, akanitazama mimi, akachukua kalamu nyekundu na kuunganisha majina kwa mistari, mpaka akaridhika kwamba ni mtu mmoja. Alipokea kibao, ambacho nilikifungua usiku wake kwa spana uani mwa bweni na kukifunga katika mfuko. Halafu aliniuliza swali ambalo halikuwamo katika fomu: "Unaondoka lini nchini?" Nilipomwambia, alifungua mtoto wa meza akatoa karatasi moja, imeandikwa kwa lugha nyepesi na maneno yenye kusomeka hata na mimi. Ilieleza kila kitu ambacho mgeni anayeondoka hutakiwa kukifanya, na kwa utaratibu gani: kwanza chombo, kisha bima, kisha kodi na wakala, mwisho kabisa taarifa ya kuhama, maana ukishaandikwa kuwa umehama huwezi tena kupata cheti cha ukaazi cha kawaida, na cheti hicho ndicho kinachohitajika kwa mambo mengine. Mtu akianza na la mwisho amejifungia nje. Hati ya kufutwa nilipewa bure. Tangu nilipoitwa mpaka nilipoinuka zilipita dakika ishirini.

Mnunuzi alikuja jioni na kilori kidogo cha kuazima, kwani pikipiki isiyo na kibao haiwezi kuendeshwa hata hatua kumi barabarani. Tulipakia. Nilimpa ufunguo mmoja. Wa pili nilimwambia atapewa atakaponiletea picha ya kibao chake kipya. Alicheka akidhani natania. Jumatatu alileta picha.

Sasa turudi nyumbani. Wapo wanaosema kwamba karatasi hizi ni mabaki ya ukoloni, na kwamba mtu akishamlipa mwenzake mbele ya mashahidi inatosha, kama tunavyouziana ng'ombe. Hoja hii huwapendeza wengi barazani, nami siikubali. Ng'ombe hagongi mtu akakimbia, wala ng'ombe hadaiwi ushuru wa forodha. Wananchi wengi hawafahamu kwamba tunanufaika kila siku na karatasi za Wajapani. Gari lililotumika linaloshuka bandarini Dar es Salaam kutoka Japani huja na cheti cha kuonyesha kwamba limefutwa katika daftari la huko kwa ajili ya kusafirishwa nje. Watumishi wetu hukidai cheti hicho, na wanafanya vema, maana bila yake tusingejua kama gari ni la halali au limeibwa. Tunamtaka Mjapani atuonyeshe kwamba jina la mwenye gari limetoka, halafu sisi kwa sisi tunauziana pikipiki kwa kadi ya mkononi, kadi yenye jina la mtu wa kwanza, ikipita kwa wa pili na wa tatu na wa nne, hata mwenye jina anafariki na warithi wake wanadaiwa.

Taratibu zetu, kwa hakika, si nyingi kuliko zao. Sheria zetu zinazohusu uandikishaji wa vyombo na kodi ya kuhamisha umiliki ni za tangu miaka ya mwanzo ya sabini, na tangu mwaka 1996 kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Mapato. Kinachotakiwa ni kadi halisi, mkataba wa mauziano, namba za mlipa kodi za muuzaji na mnunuzi, vitambulisho, na malipo yaliyowekwa. Muuzaji akiwa mgeni linaongezeka swali moja: je, chombo kililipiwa ushuru? Wataalamu wa miradi na watumishi wa balozi huweza kuingiza vyombo kwa msamaha, na kwa sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, msamaha huo ni wa mtu, si wa chombo. Kikiuzwa kwa mtu asiye na haki hiyo, ushuru unadaiwa. Mwalimu wangu hakuwa na haki hiyo. Bei ndogo iliyomfurahisha ilikuwa ndogo kwa sababu ushuru wa umma haukuwamo ndani yake.

Ninachowalaumu nacho watumishi wetu si kudai karatasi. Nawalaumu kwa kuzidai moja moja. Mwananchi huja na kadi, akaambiwa lete mkataba. Akirudi na mkataba anaambiwa upelekwe kwa wakili. Akirudi tena anaambiwa namba ya mlipa kodi. Akirudi mara ya nne ndipo anapoelezwa habari ya ushuru, ambayo kama angeelezwa siku ya kwanza asingekuja mara tatu zilizofuata. Karani anayejua safari nzima na akataja hatua moja tu amemficha mwenzake jambo, hata kama kila alilosema ni kweli. Ile karatasi moja ya mtoto wa meza haihitaji kompyuta wala fedha za wafadhili. Inahitaji mtu mmoja katika ofisi akae nusu siku aiandike kwa Kiswahili kinachosomeka.

Na wakuu wa miradi nao wana lao. Mtaalamu wa kigeni anapomaliza mkataba hupita ofisi kwa ofisi akitiwa sahihi kwamba amerudisha nyumba, samani, na simu. Sioni kwa nini katika fomu hiyo pasiwepo mstari wa chombo chake binafsi cha usafiri, kwamba kimeuzwa na jina limehamishwa, au kimesafirishwa, au bado. Ikiwa bado, fomu isitiwe sahihi. Mgeni hatakasirika. Kwao ndivyo wanavyofanya. Mwalimu au bwana shamba anayenunua kwake naye azuie sehemu ya fedha mpaka kadi itoke kwa jina lake, kama mimi nilivyozuia ufunguo wa pili.

Nilipomweleza mwalimu haya yote alinyamaza kwa muda, kisha akauliza afanye nini sasa. Tulimwandikia mtaalamu yule kwa anwani iliyokuwa katika risiti, na baada ya siku kumi na nne akajibu, kwa maneno ya kuomba radhi sana. Yuko tayari kutia sahihi mkataba mbele ya mwanasheria wa huko kwao na kuutuma, na amesema atachangia ushuru. Atachangia kiasi gani hakusema. Makadirio ya ushuru bado hayajatoka. Mwalimu ameiegesha pikipiki ndani, ameifunika kwa turubai, na asubuhi anakwenda shuleni kwa baiskeli ya mkewe, kilometa saba kwenda na saba kurudi.